Uji umemvimbisha mtoto midomo: maswali ya wamama kuhusu aleji ya chakula

Haya maswali nimeulizwa mara mingi na wamama wa Nyalenda na Manyatta hapa Kisumu tukikaa foleni ya kliniki, nimejibu tu venye huwa naongea.

Wa kwangu ana miezi saba. Alikunywa uji akavimba midomo na kutoka vipele kama ameguswa na upupu. Mama mkwe anasema ni sihoho, yaani jicho baya, kuna mtu alimwangalia akikula.

Sitabishana na mama mkwe wako, hata mimi niko na wangu. Lakini hiyo uji ni ya nini? Unga wetu wa watoto, wa soko ya Kibuye ama wa kujichanganyia, unakuanga na wimbi, mtama, soya, njugu, omena, na wengine wanatupia ngano ndani, yaani vitu sita kwa kijiko kimoja, na hapo soya, njugu, samaki na ngano zote ni za wale wanaosumbuanga sana pamoja na mayai na maziwa ya ng'ombe. Aleji ni kinga ya mwili imekosea, imeona chakula kizuri ikadhani ni adui. Ndio maana wewe unakunywa hiyo hiyo na husikii kitu. Kama inarudi kila akila kitu kilekile, hata mkiwa wawili tu kwa nyumba, mtafute mchawi kwa sufuria.

Nitajuaje si tumbo tu imechafuka?

Angalia saa. Aleji mara mingi inatokea dakika chache baada ya kula, ama ndani ya masaa mawili: vipele vya kuwasha, macho kuvimba, kutapika, kukohoa ghafla. Nyumba nzima ikiharisha, hicho chakula kilikuwa kimeharibika. Kuna pia ya polepole, mtoto anatapika sana masaa baadaye ama anatoa damu kwa choo, huyo mpeleke aangaliwe.

Basi njugu na mayai ningoje afike miaka mitatu?

Apana, hiyo ni ya zamani. Mwaka 2015 kulitoka utafiti wa London, watoto 640 waliokuwa na hatari kubwa, na wale walioanza kula njugu wakiwa wadogo wakapata aleji ya njugu kidogo sana kuliko walionyimwa. Kwa hivyo akifika miezi sita anza, lakini kitu kimoja kimoja, siku tatu hivi kabla ya kingine, na iwe asubuhi ndio umwone vizuri, si usiku mmelala. Njugu isagwe laini kabisa juu nzima itamkaba. Kama ana ekzima kali, ile ngozi kukauka na kuwasha, ama ashawahi kuvimba, ongea na daktari kwanza.

Na poshomili jamani! Unapeleka wimbi yako safi peke yake, kumbe mashine imetoka tu kusaga njugu za mtu, unga unarudi nyumbani na zake ndani. Kwa mtoto ashajulikana ana aleji ya njugu, hiyo kidogo inatosha kumvimbisha.

Nikimpa Piriton, ile dawa ya aleji, imeisha?

Kwa vipele peke yake inapunguza kuwasha. Lakini akianza kupumua kwa kelele, sauti ibadilike, alegee ama apauke, usikae kungoja Piriton, dawa yake ni sindano ya adrenalini kwa paja, kwa hivyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Mlaze miguu ikiwa juu kidogo, kama anapumua kwa shida mwache akae, ila usimsimamishe wala kumtembeza. Akipata nafuu bado wakae naye wamwangalie, juu inaeza rudi masaa baadaye.

Maziwa ya ng'ombe yamemkataa, nimpe ya mbuzi?

Usijaribu, protini zake zinafanana sana. Endelea kunyonyesha na uone daktari. Wengi wanapona ya maziwa na mayai wakikua. Ya njugu na samaki ndio hukaa, na hii ya samaki kwa nyumba ya Kisumu ni kazi, juu kuna watoto hata mvuke wa omena ikichemka jikoni unawasumbua.