Mfuko wa hisani wa elimu ya ujamaa: maana yake na unavyofanya kazi

Mfuko wa aina hii ni fedha zilizotengwa kufundishia na kutafiti fikra za ujamaa, kwa masharti mawili: wanachama hawagawani faida, na hakuna hata franka moja inayokwenda kwenye kampeni ya chama. Sharti la pili ndilo linaloiponza mifuko mingi.

Ugomvi wake ni wa zamani. Henry Hunt Hutchinson alipofariki mwaka 1894 aliiachia Fabian Society, jumuiya ya wajamaa wa Uingereza, urithi wa kueneza ujamaa. Sidney Webb, mmoja wa wasimamizi, alitumia sehemu yake kuanzisha London School of Economics mwaka 1895, na baadhi ya wenzake walilalamika kwamba pesa za propaganda zimegeuzwa za chuo. Mwaka 1949 mahakama ya huko ilikataa kuutambua wasia wa Hopkinson kuwa wa hisani, kwa sababu ulitaka watu wazima waelimishwe kwa kufuata waraka wa chama cha Labour. Kwa hiyo kipimo ni hiki: je, anayefundishwa anabaki huru kufikia jibu lake mwenyewe?

Hapa Lubumbashi mfuko kama huo husajiliwa kama ASBL, yaani shirika lisilotafuta faida, chini ya sheria ya Kongo namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Katiba ya shirika inapitia kwa notari, kisha inapelekwa kwa waziri wa sheria pamoja na maombi, orodha ya wanachama na majina ya viongozi. Wakati mnasubiri, gavana wa mkoa anaweza kutoa ruhusa ya muda ya miezi 6.

Tuseme mnataka kutafiti mgomo wa Desemba 1941 wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, ambapo askari waliwafyatulia risasi wagomaji hapa hapa mjini. Bajeti ya haki ina kunakili nyaraka, kurekodi familia za wachimbaji Kipushi na Likasi, nauli, tafsiri na uchapishaji. Fulana za chama hazimo, hata kama mgombea ni rafiki wa wafanyakazi. Pesa zikae benki kwa saini mbili. Zikiingia kwenye simu ya mweka hazina, hesabu hupotea hata bila mwizi.

Hatari nyingine ni kumtegemea mfadhili mmoja. Atataka kusoma ripoti kwanza, halafu ataomba sura fulani itolewe. Haki ya kuchapisha matokeo yote iandikwe kwenye mkataba kabla fungu la kwanza halijaingia.