Mkaguzi wa ishara za reli: taa nyekundu siyo kesi yake, kesi yake ni ile ya kijani

Wakuu, tangu treni ya umeme ianze kuja Dodoma Julai 2024 kila mtu hapa mjini kawa mtaalamu wa reli, na siyo vibaya, ila hili la mkaguzi limezidi sasa. Ukitaja mkaguzi wa treni mmoja anawaza yule anayepita kwenye mabehewa kuangalia tiketi, mwingine anasema ah si fundi yule, mwingine anawachanganya na wale wanaokaa mbele ya maskrini kuongoza treni. Wote hao kazi zao zipo na zina heshima zake, ila siyo hii.

Mkaguzi wa usalama wa ishara na mifumo ya kuongoza treni kazi yake ni kuhakikisha vifaa vinavyomwambia dereva nenda au simama vinasema ukweli. Yani taa, mashine za kuhamisha njia, mageti ya pale reli inapokatiza barabara, makabati ya nyaya kando ya reli, na vile vifaa vya kwenye kichwa cha treni vinavyoshika breki vyenyewe dereva akizembea. Hafungi nyaya, haongozi treni. Anapima, anapekua kumbukumbu za waliopima kabla yake, akikuta kasoro anaandika na mwenye reli inambidi ajibu. Marekani ni fani inayojitegemea kabisa ndani ya FRA, yani mamlaka ya serikali yao inayosimamia usalama wa reli, mbali na wakaguzi wa njia na wakaguzi wa mabehewa. Kwetu TRC ndo mwendeshaji, LATRA ndo mdhibiti. Maana ndo hiyo, imeisha.

Kinachonichosha ni kingine. Treni ikisimama porini huko Igandu au Kidete utasikia "ishara zimefeli, Mungu katuokoa, wakaguzi wanalala". Jamani. Taa ikiwa nyekundu wakati njia iko wazi, hiyo ni hitilafu kweli na inakera, lakini ni hitilafu iliyopangwa itokee hivyo, tena imepangwa miaka zaidi ya 150 iliyopita.

Mwaka 1872 Mmarekani mmoja, William Robinson, alipata hataza ya kitu ambacho tukiite sakiti ya njia. Reli zinagawanywa vipande, kila kipande kinaingiziwa umeme mdogo upande mmoja, unapita kwenye reli zenyewe mpaka upande wa pili na kuvuta rilei, yani swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme. Rilei ikiwa imevutwa maana yake hamna kitu njiani. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli ni chuma kitupu, umeme unakatiza hapohapo na kurudi, rilei inakosa nguvu inadondoka kwa uzito wake, taa inakuwa nyekundu. Sasa tuseme treni haipo ila wezi wa nyaya wamepita, au betri imekufa, au reli imekatika vipande viwili. Vyote hivyo vinakata umeme, rilei inadondoka, taa nyekundu. Kijani ndo inayohitaji kila kitu kiwe kizima kwa wakati mmoja, nyekundu haihitaji chochote. Ni kama askari wa getini asiyekufahamu, akiwa na shaka unabaki nje, utamtukana lakini nyumba haijaibiwa.

Kuna jambo moja mfumo huu haulioni lakini. Mafuriko yakisomba tuta la reli, kama yanavyofanya kila mara ile njia ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, reli zinaweza kubaki zinaning'inia hewani bila kukatika, umeme unapita kama kawaida na taa inabaki kijani. Ndo maana mkaguzi wa njia yupo na hawezi kubadilishwa na huyu wa ishara.

Tukirudi kwa huyu wa ishara, hofu yake yote iko upande wa pili, pale taa inaposema nenda wakati ilitakiwa iseme simama. Hiyo ndo hitilafu ya kuua. Sheria za Marekani zinaitenga kabisa, kifaa kikionyesha ruhusa kubwa kuliko iliyotakiwa kampuni inatakiwa iripoti FRA ndani ya siku 15. Ile nyekundu ya bure haimo kwenye ripoti hiyo, inabaki kuwa ya kurekebisha tu.

Mfano unaofundishwa mpaka leo ni Clapham Junction, London, 12 Desemba 1988. Walikuwa wanabadilisha nyaya za ishara, fundi akaunga waya mpya lakini ule wa zamani hakuukata wala kuufunga vizuri, akauacha pale. Baadaye kazi nyingine kwenye chumba hichohicho cha rilei ikausogeza ukagusa palepale ulipotoka, ukawa unaipa rilei umeme wa kutoka pembeni. Treni ipo njiani, rilei imevutwa, taa inaruhusu. Watu 35 walikufa. Fundi mwenyewe katika wiki 13 alikuwa amepumzika siku moja tu, na hamna mtu mwingine aliyekwenda kuhesabu nyaya baada yake, ambalo ni jambo la dakika chache. Sasa ukiniuliza kwanini mkaguzi asiwe fundi yuleyule aliyefunga, jibu langu ni hicho chumba.

Kwa hiyo mkaguzi akija kwenye njia yenye sakiti kama hizi anajifanya treni. Analaza kipande chenye ukinzani mdogo sana, yani kinachopitisha umeme kirahisi, Marekani ni omu 0.06, juu ya reli mbili na kuangalia rilei imedondoka au inajikaza. Kama haidondoki hapo kuna balaa, na wakati mwingine ni kutu tu, njia za pembeni ambazo treni hazipiti sana zinashika kutu juu na gurudumu haligusi chuma sawasawa, treni inakuwa ipo ila haionekani. Kwenye mashine ya kuhamisha njia anaweka kizuizi chembamba, robo inchi, kama milimita 6, kwenye ulimi wa reli, ile ncha inayosogea kubadili njia, mashine ikikubali kwamba njia imefunga wakati kizuizi kipo, inaandikwa mbovu.

Na mtu asiniletee ile ajali ya 24 Juni 2002 hapahapa mkoani kwetu kama ushahidi wa ishara mbovu. Ile ilikuwa treni ya abiria iliyoshindwa breki kwenye mlima ikarudi nyuma mpaka ikagonga ya mizigo, watu 281 wakapotea. Hamna taa inayoshika treni isiyo na breki.

Kwenye SGR ya sasa mambo yamehamia zaidi ndani ya kichwa cha treni, ETCS leveli ya 2, yani mfumo wa Ulaya wa kudhibiti treni, ruhusa ya kwenda inakuja kwa redio mpaka kwenye skrini ya dereva, lakini tabia ni ileile, mawasiliano yakikatika na muda ukapita kwa kawaida treni inashika breki, haiendi kwa kubahatisha. Mkaguzi wa zama hizi anakagua na programu pia, toleo gani limewekwa na nani aliidhinisha, ila swali lake halijabadilika, hiki kitu kikikosea kinakosea kuelekea wapi.

Basi abiria mwenzio akisema mmekaa dakika 40 Gulwe kwa sababu ishara zimefeli, usibishane naye sana, kuchelewa kachelewa kweli. Mwambie tu zimefeli upande unaotakiwa, na kama anataka kulalamika basi alalamikie muda mafundi waliotumia kufika kurekebisha, hapo namuunga mkono kabisa.