Nguru, udi na choroa: dhana potofu kuhusu biashara na mazingira Oman

Ukikaa barazani na watu wanaopeleka na kuleta mizigo baina ya Maskati, Unguja na Mombasa, hukawii kusikia kwamba Oman ni nchi ya mafuta, na nchi ya mafuta mazingira haiyajali: lipa ushuru, mzigo upite. Anayeshika neno hilo atashangaa siku forodha itakapomuuliza habari za samaki, za udi, au za mifuko ya kufungia bidhaa. Oman ilianzisha wizara ya mazingira mwaka 1984, na sheria kuu ya kuhifadhi mazingira na kuzuia uchafuzi ni Amri ya Kisultani namba 114 ya 2001. Mfanyabiashara haisomi amri hiyo, wala simlaumu. Yeye hukutana na mazingira sokoni, ghalani na bandarini, na dhana nyingi zinapotoka huko huko.

"Msimu ukifungwa, anayebanwa ni mvuvi"

Kila mwaka Oman hufunga uvuvi wa nguru kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba, wakati samaki huyo anapozaana. Wengi hudhani maana yake ni kwamba mashua zisitoke kumtafuta, basi, na aliyekwisha kununua aendelee kuuza. Sivyo. Katika miezi hiyo miwili kumuuza, kumsafirisha na kumweka ghalani nako kumekatazwa. Muuza samaki ambaye hajawahi kushika mshipi maishani mwake anaweza kukutwa na kosa la uvuvi.

Kwa kamba kochi mambo ni makali zaidi. Msimu wake ni Machi na Aprili tu. Anavuliwa kwa dema, si kwa wavu, na jike mwenye mayai hurudishwa majini. Aprili ikiisha, kampuni zenye kamba kwenye majokofu hutakiwa kuandikisha kiasi walichobaki nacho, ili atakayesafirisha mzigo mwezi Julai aweze kuonyesha kwamba ulivuliwa ndani ya msimu. Naiona hiyo kuwa akili nzuri kuliko doria yoyote. Pwani ya Oman inazidi kilomita 3,000. Hakuna serikali itakayoweka askari kwenye kila ghuba. Mvuvi anaweza kuwakwepa walinzi usiku, lakini jokofu halina miguu, na anayetaka kupeleka mzigo ng'ambo lazima apite penye karatasi.

Kule Dhofar, kusini mwa Oman, pande za Mirbat na Sadah, yuko konokono wa baharini mwenye ganda moja pana ambaye wenyeji humwita sufailah. Wazamiaji humbandua mwambani kwa mkono, na akikaushwa bei yake katika Asia ya Mashariki ni ya kutisha. Msimu wake hufunguliwa kwa siku chache tu mwishoni mwa mwaka, ganda lisipungue sentimita 9, na iko miaka ambayo haukufunguliwa kabisa. Hapo pia kumiliki na kusafirisha nje ya msimu ni kosa, hata kama hukulowa.

"CITES ni habari ya pembe za ndovu"

Huo ni mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Oman iliingia mwaka 2008. Likitajwa jina lake, watu hufikiria ndovu, faru na chui. Wachache hufikiria chetezo.

Udi, ule unaofukizwa harusini Mombasa na Maskati kwa namna moja, umo kwenye mkataba. Na hapa kuna dhana ndani ya dhana: kwa kuwa tunaununua kwa Waarabu, tunaamini mti wake unaota Uarabuni. Hauoti. Hutoka kwenye miti iitwayo Aquilaria, ya India, Bangladesh na nchi za kusini mashariki mwa Asia. Mti ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujikinga kwa utomvu mzito, na mbao iliyoshiba utomvu huo ndiyo udi. Kwa kuwa mti mzima wa afya hauna harufu hiyo, wakataji walikuwa wakiangusha mingi kutafuta mmoja. Tangu 2005 aina zote za Aquilaria zinahitaji kibali zikivuka mpaka kibiashara. Msafiri wa kawaida amesamehewa kwa kiasi: kilo 1 ya vipande, mililita 24 za mafuta na tasbihi mbili. Zaidi ya hapo wewe ni mfanyabiashara, hata kama unasema ni zawadi za mashangazi. (Ubani wa Dhofar ni kitu kingine kabisa. Huo kweli ni wa kwao, na mti wake si wa ukoo wa udi.)

Jambo la pili ni papa. Waomani na watu wa pwani yetu wote wanampenda papa mkavu, na biashara yake imekwenda na pepo za kusi na kaskazi tangu zama za majahazi. Mwishoni mwa 2022, katika mkutano wa CITES uliofanyika Panama, jamii nzima ya papa iitwayo Carcharhinidae iliingizwa kwenye orodha ya pili, na masharti yakaanza 25 Novemba 2023. Orodha ya pili si marufuku; hapo ndipo watu huchanganya. Maana yake ni kwamba nchi inayotoa mzigo lazima ijiridhishe kuwa uvuvi huo haummalizi papa, kisha itoe kibali. Tatizo liko kwenye gunia: papa akikatwa, akatiwa chumvi na kukauka, hata mzee wa bahari hupata kazi kumtambua ni wa aina gani.

"Marufuku ya mifuko ya plastiki ni ya dukani"

Ilianza hivyo. Oman ilikataza mifuko ya plastiki ya kutumia mara moja kuanzia 1 Januari 2021. Lakini kuanzia 1 Januari 2023 iliongezwa marufuku ya kuiingiza nchini, na faini ya riyali 1,000 inayorudufiwa kosa likirudiwa. Riyali elfu moja si fedha ya chai. Kisha ikaja ratiba ya hatua kwa hatua kufuata aina ya maduka, kuanzia maduka ya dawa na hospitali mwezi Julai 2024, ikikusudiwa kukamilika 2027. Aliyeishi Kenya mwaka 2017 au Tanzania Bara 2019, ambako siku ilifika na mfuko ukatoweka, ataona mwendo huu ni wa kinyonga. Mimi pia nauona hivyo.

"Shirika la Biashara Duniani haliruhusu vizuizi kama hivyo"

Oman ni mwanachama wa WTO tangu Novemba 2000, na wengi husema mwanachama hawezi kufunga mlango kwa sababu ya mazingira. Sivyo. Kifungu cha 20 cha GATT, mkataba wa ushuru na biashara unaosimamiwa na shirika hilo, kinaruhusu hatua za kulinda uhai wa watu, wanyama na mimea, na za kuhifadhi maliasili inayoweza kwisha. Kisichoruhusiwa ni ubaguzi wa kujificha: huwezi kumzuia mgeni asilete kitu huku mwenyeji wako akiendelea kukitumia kwa raha. Ndiyo maana ina uzito kwamba mifuko ilikatazwa kwanza ndani, 2021, kabla ya kuzuiwa bandarini.

Wengine hudai kwamba mkataba wa biashara huria na Marekani, ulioanza kazi 1 Januari 2009, umeileta Oman chini ya sheria za mazingira za Marekani. Hapana. Sura ya 17 inazitaka pande mbili zitekeleze sheria zao wenyewe, na zisizilegeze ili kuvutia biashara au uwekezaji.

"Mafuta ndiyo yaliyommaliza choroa"

Hii ina ukweli wake. Choroa wa Arabuni alitoweka porini mwaka 1972, akarudishwa katika jangwa la Jiddat al-Harasis mwaka 1982 kutoka katika mifugo ya bustani za wanyama, na mwaka 1994 hifadhi yake ikawa Urithi wa Dunia. Mwaka 2007 Oman ilipunguza eneo lake kwa asilimia 90 kwa ajili ya kutafuta mafuta na gesi, na UNESCO ikaifuta hifadhi hiyo orodhani, ya kwanza duniani kufutwa.

Lakini hesabu yenyewe inasema jambo jingine pia. Mwaka 1996 walikuwapo choroa 450. Kufikia 2007 walibaki 65. Waliondoka kabla mpaka haujasogezwa. Majangili waliwakamata wakiwa hai, majike na ndama, wakawavusha kwenda kuuzwa kwa matajiri wenye mazizi ya wanyama nje ya Oman. Na mwaka wa kufutwa hifadhi, Oman ilikuwa bado haijaingia CITES.