Usahihi wa setilaiti hautoki ofisi moja

Wengi huamini kwamba vipimo sahihi kabisa vya GPS hutoka katika ofisi moja ya nchi iliyorusha setilaiti zake. Inaeleweka, maana Marekani ndiyo inayozimiliki na kuziendesha.

Lakini usahihi wa sentimita, ule wanaouhitaji wapima ardhi na wanaofuatilia kupanda kwa usawa wa bahari, hutegemea ushirikiano wa hiari uitwao IGS (International GNSS Service), ulioanza kazi rasmi mwaka 1994. Taasisi za nchi nyingi hutunza vituo vya kupokea mawimbi ya setilaiti kwa gharama zao. Kimoja kiko Malindi, Kenya, kingine Mbarara, Uganda. Antena hukazwa juu ya msingi imara isisogee hata kidogo, ikanasa mawimbi hayo usiku na mchana. Vituo vya uchambuzi hukokotoa njia za setilaiti kila kimoja kivyake, kisha mratibu huyaunganisha majibu, na lililopotoka hupunguziwa uzito. Hapo ndipo ninapouheshimu mfumo huu: hakuna anayeaminiwa peke yake. Matokeo ya mwisho hutoka baada ya wiki mbili hivi, bure kwa yeyote.

Ukitaka kuhakiki, fungua kumbukumbu ya kituo chochote mtandaoni. Utakuta aina ya antena, tarehe antena hiyo iliposimikwa, na taasisi inayokitunza kituo.