Urojo wa moto kwenye mfuko: maswali ninayoulizwa kuhusu plastiki na afya nyumbani

Mie najitolea mambo ya afya hapa mtaani kwetu Ng'ambo, Unguja, na kila nikisema tupunguze hizi plastiki za kutumia mara moja watu wananitazama kama nimewaambia waache kula. Basi haya ndo maswali yao na ninavyowajibu.

Urojo nakula wa kwenye mfuko toka mdogo, mbona sijafa?

Hujafa na mie sijafa, na nilikuwa naununua karibu kila magharibi. Lakini siku moja utazame ule mfuko kabla hujaumimina. Urojo umetoka jikoni unafuka, una ndimu na embe mbichi, bajia na kachori zimetoka kwenye mafuta, na mfuko wenyewe umelegea mkononi unanata, ukifungua fundo harufu ya nailoni inatangulia kabla ya ya urojo. Sasa vitu vinavyoifanya plastiki iachie kemikali zake kwenye chakula ni joto, mafuta na uchachu, na urojo unavyo vyote vitatu jamani! Baadhi ya kemikali hizo zinavuruga homoni za mwili. Sio kila plastiki inazo, ila wewe na muuzaji nyote hamjui mfuko ule umetengenezwa kwa nini. Haikuangushi leo, inaingia kidogo kidogo, na wa kuwaonea hofu zaidi ni wenye mimba na watoto wachanga. Yale maboksi meupe ya chipsi ni mulemule.

Mie siku hizi naenda na bakuli langu la bati lenye mfuniko. Siku ya kwanza niliona haya wallahi, yule kaka akacheka akasema leo umekuja kuchukua sadaka, lakini anapima kwa macho na bakuli langu ni kubwa kuliko mfuko wake kwahiyo hasara ni yake.

Si bora gazeti basi?

Hapana, kwa vitu vya mafuta wino unahamia kwenye chakula. Sahani na kawa juu yake yatosha.

Kipande cha mfuko kuwashia seredani kina ubaya gani?

Hapa ndo nagombana na watu, na mamangu mwenyewe yumo. Asubuhi unamkuta mtu kainama juu ya jiko, kachoma kipande cha mfuko kinadondosha matone ya moto juu ya mkaa na moshi mweusi unampiga usoni huku mtoto yuko mgongoni. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo wa nyumbani inatoa masizi na gesi zenye sumu, na zile ngumu kama vipande vya mabomba na waya zinatoa sumu iitwayo dioksini ambayo inakaa mwilini miaka na inahusishwa na saratani. Mwenye pumu ndani ya nyumba anabanwa siku hiyohiyo. Na kuchoma taka uani ni vilevile, kama hujafanya lolote jengine anza na hili. Nchi hii ina kumbi za nazi na vifuu na makuti makavu kila pembe, vinashika moto vizuri tu, tena bure.

Chupa ya maji ya dukani naweza kuijaza tena?

Maji baridi mara mbili tatu sio tatizo kubwa, ila shingo yake nyembamba huwezi kuisugua ndani ndo vijidudu vinafanya maskani. Maji ya moto au chai usitie. Na tafadhali, mafuta ya taa na dawa ya kufulia msiviweke kwenye chupa za soda, mtoto anadhani ni kinywaji anapiga funda. Akishakunywa mafuta ya taa usimtapishe, yakipanda yanaingia mapafuni, mkimbize hospitali.

Vikombe vya kutupa baada ya shughuli vinaleta maradhi gani?

Mbu. Yule mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi, anataka maji kidogo tu kwenye kikombe au kifuniko, na kwa joto letu wiki moja hivi tayari ameruka. Mayai yake yanastahamili ukavu miezi, yanangoja masika. Na vinavyokwenda mtaroni vinaziba, maji machafu yanarudi uani, kipindupindu tunakijua hapa.

Kwani mifuko haikupigwa marufuku?

Ilipigwa tokea 2006, bara wenzetu wakafuata Juni 2019. Lakini ile laini ya kufungia tungule na dagaa bado unaiona, we chukua kikapu chako cha ukili. Mie changu nilikuwa nakisahau kila siku mpaka nilipokitundika kwenye kitasa cha mlango wa mbele.

Na hivi vipande vidogo vya plastiki wanavyosema viko mwilini?

Vipo kweli. Madaktari wa Italia mwaka 2024 walivikuta kwenye mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa ya shingo, na waliokuwa navyo walipata kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo zaidi kuliko wasiokuwa navyo. Hiyo haijathibitisha kuwa plastiki ndo sababu, usije ukalala na hofu.

Barafu za ubuyu za watoto je?

Ile ni baridi, haiachii kemikali kama urojo. Mie nauliza kwanza maji yaliyotiwa yamechemshwa, halafu namwambia mtoto asitafune ile ncha ya mfuko na asiitupe mtaroni.