Je, anayeingia utawani hufungwa maisha siku hiyohiyo?

Familia nyingi za Kikatoliki zimeamini kwa muda mrefu kwamba binti akishaingia utawani amefungwa maisha tangu siku hiyo, na kwamba kurudi nyumbani ni kuvunja ahadi aliyompa Mungu.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinaeleza vingine. Unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio kabla ya nadhiri, hauruhusiwi kabla ya kutimiza umri wa miaka 17; huchukua angalau miezi 12, na kwa kipindi hicho chote novisi hajaweka nadhiri yoyote, hivyo yuko huru kuondoka. Nadhiri za kwanza ni za muda, kwa kawaida kati ya miaka 3 na 6, na muda huo ukiisha mtawa anaweza kuondoka kwa amani. Nadhiri za daima haziwekwi kabla ya kutimiza umri wa miaka 21. Kuacha ndoa, watoto na uhuru wa kujiamulia matumizi ya mali ni sadaka nzito kweli, na ndiyo maana Kanisa halitaki itolewe kwa haraka, sembuse kwa shuruti.

Anayetaka kuhakikisha asome katika sheria hizo kanuni ya 641 hadi 661 pamoja na ya 688, kisha amwulize mlezi wa miito, yaani anayewaongoza wanaotaka kujiunga na utawa, kuhusu likizo za nyumbani, kwa kuwa katika hilo mashirika ya kitawa hutofautiana.