Mita 60 kutoka ukingo wa ziwa: kuanzia wapi?

Wageni wakipelekwa Ujiji, mkoani Kigoma, mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, wengi hushangaa: mbona ziwa liko kule mbali? Enzi hizo maji yalifika karibu. Mdomo wa mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga na matete. Mwaka 1878 hivi ulizibuka, Ziwa Tanganyika likashuka karibu mita 10, na ardhi mpya ikabaki wazi. Tumejenga juu yake.

Lukuga ndiyo njia pekee ya maji kutoka. Malagarasi na Ruzizi huingiza, na sehemu kubwa ya maji yanayoondoka huchukuliwa na jua. Kwa hiyo mvua zikizidi misimu kadhaa, kama ilivyoanza mwishoni mwa 2019, ziwa halina pa kukimbilia. Bahari hujaa na kupwa siku hiyohiyo. Ziwa letu likipanda linaweza kukaa juu miaka. Ndiyo maana viroba vya mchanga tunavyopanga mbele ya nyumba havitoshi. Wimbi halihitaji kuvuka ukuta, linachota mchanga chini ya msingi usiku kucha, tofali zinaning'inia, kisha asubuhi moja kona ya nyumba inakaa chini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini ukingo upi? Nimewahi kupima mita 60 wakati wa kiangazi, maji yakiwa chini, na baadaye nikakuta kigingi changu kimezungukwa na maji. Liniumizalo ni kwamba kuna mtu aliyejenga akikiamini kigingi kile. Hesabu yake ni nyepesi: ufuko unaoinuka mita 1 kwa kila mita 40, ziwa likipanda mita 2 linameza mita 80.

Kwa hiyo sasa naanza kwa wazee. Wapo wanaokumbuka maji ya 1964 yalipofikia, mwembe upi ulisimama majini. Mita 60 nazihesabu kuanzia hapo, na ukanda wa chini yake tunauachia vitu vinavyohamishika: mitumbwi, vichanja vya dagaa vyenye miguu mirefu, bustani ya mchicha. Matete yasikatwe, kwa sababu ndiyo yanayovunja nguvu ya wimbi kabla halijafika kwenye udongo.

Cha kwanza kuhama kiwe choo, hata kabla ya nyumba. Shimo likifikiwa na maji, kinyesi kinaingia palepale watu wanapochota maji ya kunywa, na kipindupindu hakikawii. Mama mmoja wa mwaloni Kibirizi alinionyesha doa la kahawia lililoachwa na maji ukutani kwake, chini kidogo ya dirisha. Alikuwa amechora juu yake mstari wa mkaa lisije likafutika. Choo kipya alishakichimba juu mlimani, ng'ambo ya barabara.